Losheni ya tretinoini imenibabua uso: niache au niendelee?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Tanga. Chunusi zimenisumbua tangu sekondari, nyingi ziko mashavuni na kidevuni, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi. Mwezi uliopita niliandikiwa losheni ya tretinoini asilimia 0.05, nikaambiwa nipake usiku. Kwa kuwa tuna harusi ya mdogo wangu Desemba na nilitaka nitakate haraka, nikawa napaka asubuhi na usiku, na kila Ijumaa nasugua na singo kama kawaida yangu. Wiki ya pili uso ukaanza kuchoma, pembe za mdomo zimepasuka, ngozi inabanduka na chunusi zimeongezeka. Shangazi anasema huu ni mkorogo wa hospitali, utaniachia ngozi nyembamba na kansa. Dukani wameniambia nivumilie, ikichoma ndiyo inafanya kazi. Halafu mimi na mume wangu tunataka kuanza kutafuta mtoto mwakani. Niache au niendelee?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa huo uso. Nianze na jibu lenyewe: simamisha losheni kuanzia usiku huu, lakini usiitupe. Ngozi yako imeumizwa na namna dawa ilivyotumika, na hilo linarekebishika. Ikishatulia utaweza kuirudia kwa mwendo mwingine kabisa. Suala la mtoto nitalifikia baadaye kidogo, na ningependa ulisome kwa makini kuliko mengine, ingawa umelitaja mwisho kabisa.

Umepewa ushauri wa pande mbili zinazopingana. Shangazi anaogopa dawa yenyewe, muuzaji wa dukani anasifia kuungua kwako. Wote wawili wamekosea, ila shangazi ana sababu ya hofu yake, na wala sitaki umwone kama mtu asiyejua kitu. Muuzaji ndiye amekupotosha zaidi, kwa sababu ushauri wake ungekuachia madoa usoni kwa miezi mingi.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, tuanze na chunusi inakotoka. Kila kitundu cha unywele usoni kimetandikwa seli kwa ndani. Seli hizo hufa na kutoka moja moja, zikibebwa na mafuta ya ngozi hadi nje. Kwa mtu mwenye chunusi, seli huzalishwa kwa wingi, zinashikamana, na kutengeneza kizibo mdomoni mwa kitundu. Homoni nazo zinachochea tezi za mafuta. Mafuta yanajaa nyuma ya kizibo, bakteria ambao huishi humo siku zote wanastawi, na mwili unajibu kwa uvimbe, maumivu na usaha. Kinachosahaulika ni kwamba kizibo hicho huanza wiki kadhaa kabla hujaona kipele chochote. Ngozi unayoiona safi shavuni leo ina vizibo vidogo vinavyojengeka chini kwa chini. Ndiyo maana kunawa uso mara tano kwa siku hakusaidii: ni sawa na kufagia barabara wakati kilichoziba ni kalavati chini yake.

Tretinoini inakwenda kwenye kizibo. Ni ya jamii ya retinoidi, dawa zinazotokana na vitamini A au zilizotengenezwa kuiga kazi yake. Ikishaingia kwenye seli, inafika hadi kwenye kiini na kujishikiza kwenye vipokezi vinavyoamua jeni zipi zifanye kazi. Matokeo yake seli za kitundu zinakomaa inavyotakiwa, zinaachana vizuri, vizibo vya zamani vinalegea na vipya havijengeki. Inapunguza pia uvimbe. Hii ni kazi ya kubadilisha jinsi ngozi inavyojitengeneza, nayo haiharakishwi. Mabadiliko ya kuridhisha huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12, na huendelea kuongezeka baada ya hapo. Atakayekuahidi uso mpya kwa siku kumi na nne anauza kitu kingine.

Sasa kuhusu kule kuchoma. Retinoidi inapoharakisha ngozi kujibadilisha, tabaka la juu kabisa linalegea kwa muda. Tabaka hilo ndilo linalozuia maji yasitoke mwilini na vitu vya nje visiingie. Likilegea, ngozi inakauka, inabanduka, na hata maji ya kunawia yanachoma. Kiasi kidogo cha ukavu katika wiki za mwanzo ni cha kawaida, na kwa wengi hupungua ngozi ikizoea. Ila muwasho huo ni athari ya pembeni, na dawa inafanya kazi yake hata muwasho huo usipokuwepo. Tretinoini ilipoanza kutumika kwa chunusi, mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari walitumia myeyusho mkali, na uso kuwa mwekundu na kubabuka ulihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Marekani iliruhusu matumizi yake mwaka 1971. Baadaye zikaja krimu na losheni za upole zaidi, na mwaka 1996 ikaruhusiwa adapaleni, retinoidi inayochoma kidogo kuliko tretinoini na bado inatibu chunusi vizuri. Kama kuungua ndiko kungekuwa kunaponya, adapaleni isingesaidia mtu. Maneno uliyoambiwa dukani ni mabaki ya fikra za zamani.

Na kwa ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde, kuungua kuna gharama ya ziada. Seli zinazotengeneza rangi zikichokozwa na uvimbe wowote, iwe chunusi, moto, kukwaruza au dawa, zinamwaga rangi nyingi mahali hapo. Ndilo lile doa jeusi linalobaki chunusi ikishapona. Pembe za mdomo wako zilizopasuka leo zinaweza kuwa madoa mwezi ujao. Mwenzako mwenye ngozi nyeupe akiungua hubaki na wekundu wa wiki chache, wewe unaweza kubaki na doa la miezi sita au zaidi. Kwa hiyo ukisoma au kutazama maelekezo ya mtandaoni yanayosema anza kila usiku na vumilia, jua kwamba mara nyingi hayakutungwa kwa ngozi kama yako.

Nirudi kwa shangazi. Mkorogo anaoufahamu yeye ni mchanganyiko wa krimu za kujichubua, na ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) kama klobetasoli au betamethasoni, haidrokwinoni (dawa ya kupunguza rangi ya ngozi), na wakati mwingine zebaki. Steroidi kali ikipakwa usoni kwa miezi kweli inafanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota, na vipele vinatokea vinavyofanana na chunusi. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuleta weusi wa rangi ya bluu ambao ni mgumu mno kuondoa. Zebaki inaharibu figo. Shangazi ameona watu walioharibika, pengine ndugu zake, na anakuombea usiwe mmoja wao.

Tretinoini peke yake haiko kwenye kundi hilo. Haiui seli za rangi na haifanyi ngozi kuwa nyembamba. Inapunguza lile tabaka la seli zilizokufa juu, lakini sehemu hai ya ngozi chini yake huwa nene zaidi kwa matumizi ya muda mrefu, na nyuzi zinazoipa ngozi uimara huongezeka. Kuhusu kansa, dawa ya kupaka ya tretinoini haijathibitika kusababisha kansa ya ngozi kwa binadamu. Mwambie pia shangazi kwamba tretinoini hiyo hiyo, ikiwa kwenye vidonge, ni sehemu muhimu ya tiba ya aina moja ya kansa ya damu.

Lakini kuna jambo moja ambalo shangazi yuko karibu sana na ukweli, na ninataka ulikague kwa macho yako. Zipo krimu zenye viungo vitatu kwa pamoja: tretinoini, haidrokwinoni na steroidi. Zilibuniwa kutibu mabaka meusi ya usoni kwa muda mfupi chini ya daktari, ila mitaani zinauzwa kama krimu za kung'arisha. Chukua kichupa chako, soma palipoandikwa viungo vyenye nguvu. Panatakiwa pawe na tretinoini tu na asilimia yake. Ukikuta jina lolote linaloishia na "-sone" au "-sol" pembeni yake, au linaloanza na "hydroq", hiyo si dawa uliyoniandikia hapa, na usiipake tena kabla hujaonana na daktari. Vivyo hivyo ukikuta kopo halina lebo, halina tarehe ya kwisha muda, au limejazwa kwa mkono dukani.

Sasa tuuguze ngozi. Kwa wiki moja hadi mbili zijazo, usipake losheni ya tretinoini, usitumie singo, limau, dawa ya meno, sabuni ya salfa wala tona. Naifahamu singo na siichukii, ni urithi mzuri na mwili unaoga nayo vizuri. Ila chembechembe zake zikisuguliwa kwenye uso ambao tabaka la juu limelegea, zinakwaruza. Kwenye mwili endelea, uso uache. Nawa mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na harufu, kwa vidole, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, paka losheni ya kawaida ya kulainisha isiyo na manukato. Kwenye pembe za mdomo na za pua weka mafuta ya mgando kiasi kidogo. Kipimo cha kwamba umepona ni hiki: ukinawa uso na kupaka losheni ya kulainisha, hakuna kinachochoma, na magamba yamekwisha. Kabla ya hapo usianze tena.

Ukianza tena, anza usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumapili na Jumatano. Usiku peke yake, kwa sababu tretinoini nyingi huharibika zikipigwa na mwanga, na kupaka mara mbili kwa siku kunaongeza muwasho bila kuongeza kasi ya kupona. Nawa uso, kausha, kisha kaa dakika ishirini hadi thelathini. Usione kama ni kupoteza muda. Ngozi yenye majimaji inanyonya dawa kwa nguvu zaidi na ndiyo inayoungua. Kamua losheni kiasi cha punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole. Hiyo ni ya uso mzima. Gusisha nukta paji la uso, nukta kila shavu, nukta kidevuni, kisha sambaza kwa wepesi mpaka isionekane. Epuka kope, pembe za macho, mbavu za pua, pembe za mdomo na shingo. Watu wengi hupaka juu ya chunusi zilizokwisha kutoka peke yake, na hapo ndipo dawa hupotea bure: kumbuka vile vizibo visivyoonekana. Dawa inapakwa eneo zima linalotoa chunusi, ikiwemo ngozi inayoonekana safi.

Ukishapaka, subiri dakika chache, halafu paka losheni ya kulainisha juu yake. Ngozi ikiwa nyepesi kuudhika, kama yako ilivyojionyesha, tanguliza losheni ya kulainisha, kisha dawa, kisha losheni tena. Dawa itapungua nguvu kiasi, lakini dawa laini unayoweza kuitumia miezi sita itakufaa kuliko kali unayoiacha wiki ya pili. Njia nyingine ninayowapa wenye ngozi ngumu kuzoea ni kupaka, kukaa nayo kama nusu saa hadi saa moja, kisha kunawa, na kuongeza muda taratibu.

Wiki mbili au tatu zikipita bila kuchoma, ongeza uwe usiku mmoja unapaka na mmoja unapumzika. Baadaye, kama ngozi inaruhusu, kila usiku. Wako wagonjwa wangu ambao hawakuwahi kufika kila usiku na chunusi zao zimetulia. Ukiona ukavu unarudi, rudi hatua moja nyuma. Huna haja ya kuacha kabisa. Na kama daktari wako anaweza kukubadilishia uanze na asilimia 0.025, au adapaleni asilimia 0.1, mimi ningemuunga mkono. Asilimia 0.05 haikuwa kosa, ila kwa ngozi yenye historia ya madoa kama yako ni vyema kuanza chini.

Umesema chunusi zimeongezeka. Hili linawatisha wengi wakaacha dawa, basi nilieleze kwa uangalifu kwa kuwa linaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Vizibo vya zamani vinapolegea, baadhi hutoka juu kwa haraka, na wiki za mwanzo uso unaweza kuonekana umechafuka zaidi. Hiyo hutokea sehemu zile zile ulizozoea kupata chunusi, vipele ni vya aina ile ile, na hali hupungua kuanzia kama wiki ya nne hadi ya nane. Vipele vidogo vingi vyekundu vinavyowasha na kuchoma, penye ngozi iliyobabuka, ni muwasho wa dawa. Uso kuvimba, macho kuvimba, malengelenge au majimaji kutoka ni mzio au kuungua kabisa, na hapo unaacha na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maelezo yako nadhani una mchanganyiko wa viwili vya kwanza, na kupumzika ndiko kutakakotenganisha kipi ni kipi.

Swali moja hukuulizwa, nami nakuuliza: kabla ya losheni hii, ulikuwa unapaka krimu yoyote ya kung'arisha au "ya madoa" kwa miezi? Kama ndiyo na uliiacha ghafla, vipele vingine vinaweza kuwa vya kuachishwa steroidi. Hivyo huja vingi kwa pamoja, hasa kuzunguka mdomo, vikiambatana na uso kuwaka moto. Tiba yake ni tofauti na tretinoini huichochea zaidi. Mwambie daktari ukweli hata kama unaona aibu. Hakuna daktari wa ngozi hapa kwetu atakayeshangaa.

Jua la Tanga unalijua kuliko mimi. Mwenye kutumia retinoidi huungua na jua kwa urahisi zaidi, na hata ngozi nyeusi isiyoonyesha kuungua hupata madoa. Paka losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na uirudie ukikaa nje muda mrefu. Kwa wanaosumbuliwa na madoa, zile zenye rangi ya kahawia zinafaa zaidi, kwani madini ya chuma yanayozipa rangi hiyo yanazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huchochea weusi kwenye ngozi zetu. Hazikuachii weupe wa unga usoni vilevile. Najua losheni hizi ni ghali. Mwezi ambao bajeti haitoshi, mtandio uliovutwa mbele, mwavuli na kutembea upande wa kivuli ni kinga ya kweli.

Mambo mengine madogo nayapitia upesi. Usitoe nywele za usoni kwa nta ukiwa unatumia dawa hii, nta itaondoka na ngozi. Kama unataka nyusi zitengenezwe kwa ajili ya harusi, tumia wembe au uzi, na uache dawa eneo hilo siku kadhaa kabla. Mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso huziba vitundu, basi funga nywele ukilala. Usiache dawa kwenye gari au dirishani. Ukipewa benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ambayo ni mwenzi mzuri wa retinoidi, paka asubuhi na tretinoini usiku kwa sababu inaweza kuivunja nguvu, na jiandae kwamba itafifisha rangi ya taulo na mtandio wako. Na antibayotiki ya kupaka kama klindamaisini isitumike peke yake kwa miezi, bakteria huizoea.

Kuhusu Desemba nitakuwa mkweli. Kama bado kuna miezi mitatu au zaidi, una nafasi nzuri ya kufika na uso uliotulia, ingawa madoa ya zamani yatakuwa yamepungua tu, hayajaisha. Kama zimebaki wiki chache, usianze tena kabla ya harusi. Uso wenye chunusi mbili tatu unafunikwa na vipodozi vizuri sana, unaobanduka haufunikiki, poda inashika kwenye magamba na kuyaonyesha zaidi. Tuliza ngozi, furahia harusi, anza wiki inayofuata.

Sasa mtoto. Vidonge vya retinoidi, hasa isotretinoini inayotolewa kwa chunusi kali, vinajulikana bila ubishi kusababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na anayetumia isotretinoini lazima atumie uzazi wa mpango wa uhakika mpaka angalau mwezi mmoja baada ya kuiacha. Losheni ni jambo tofauti. Kiasi cha tretinoini kinachopita kwenye ngozi ya uso na kuingia kwenye damu ni kidogo sana, na tafiti zilizofuatilia wanawake waliojikuta wajawazito wakiwa wanaitumia hazijaonyesha wazi ongezeko la ulemavu. Hata hivyo idadi ya waliofuatiliwa haitoshi kumhakikishia mtu usalama, na chunusi si ugonjwa wa kuhatarishia mimba. Kwa hiyo sisi tunasema: retinoidi za kupaka zisitumike wakati wa ujauzito, na mwanamke anayetafuta mtoto aziache kabla hajaanza kutafuta. Retinoidi iitwayo tazarotini imekatazwa waziwazi kwa wajawazito, usipokee hiyo kabisa.

Una njia mbili za kuchagua na mumeo. Ya kwanza ni kutumia tretinoini kwa utaratibu niliokupa huku mkitumia uzazi wa mpango, kisha kuiacha mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Faida yake ni dawa yenye nguvu kwenye vizibo. Hasara yake ni kwamba ukiiacha chunusi zinaweza kurudi polepole, pengine ukiwa tayari mjamzito. Ya pili ni kuhamia sasa hivi kwenye asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Inafanya kazi polepole, inaweza kuwasha siku za mwanzo, na si kila famasia inayo. Lakini inafungua vitundu, inapunguza bakteria, inafifisha madoa, na inakubalika kutumiwa wakati wa ujauzito. Kama mwakani kwenu ni Januari au Februari, mimi ningechagua ya pili bila kusita. Kama ni mwishoni mwa mwaka, ya kwanza inaingia akilini.

Ikitokea umechelewa siku zako ukiwa bado unapaka, acha siku hiyo, pima, na uwaeleze kliniki ya wajawazito. Usiingiwe na hofu ya kufanya uamuzi mkubwa kwa sababu ya losheni ya usoni. Hatari ambayo wataalamu wanaizungumzia kwa sauti kubwa ni ya vidonge.

Mambo yafuatayo yanahitaji macho ya daktari, maandishi yangu hayatoshi. Uvimbe mkubwa wenye maumivu chini ya ngozi, au chunusi zinazoacha mashimo na makovu yaliyotuna, hasa kwenye taya, maana wengi wetu tuna asili ya kuota makovu ya namna hiyo na yanakua hata baada ya chunusi kupona. Vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha, kwenye paji la uso na mgongoni: hivyo mara nyingi ni fangasi, na hakuna retinoidi itakayoviondoa. Chunusi za kidevuni pamoja na hedhi inayoruka miezi au nywele zinazoota kidevuni na kifuani, kwani hapo huenda homoni zina tatizo, na kwa kuwa unatafuta mtoto ni bora lijulikane mapema. Kutoona nafuu baada ya wiki 12 za kutumia vizuri. Na kama uso huu unakufanya usitoke nyumbani au ujichukie, hilo nalo ni sababu halali ya kumwona daktari, usilisubirishe.

Usidhani lazima usafiri hadi Dar es Salaam. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wengi wao wanafanya kazi kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya mkoa na siku zake. Ukienda, usijipake kitu asubuhi hiyo, na weka kwenye mfuko mmoja kila unachopaka usoni na kichwani: losheni, sabuni, mafuta ya nywele, hata lile kopo lisilo na jina. Mweleze daktari umepaka nini, mara ngapi na tangu lini, na jambo la kwanza kumwambia liwe kwamba mnatafuta mtoto.